Maini Yakageuzwa Moyo

Mwalimu Maini hakuwa mtu wa kugombana na watu kwenye simu, lakini mchana ule alimpigia mhariri hata kabla hajavua viatu. Bahasha ya prufu, kurasa za majaribio za kitabu chake cha tafsiri, ililetwa na kijana wa pikipiki wakati yeye yuko darasani, na mumewe aliiweka juu ya meza ya jikoni, karibu na birika. Aliifungua amesimama, mkoba bado uko begani. Hadithi ya kwanza na ya pili alizipita mbio. Akaenda moja kwa moja kwenye ile ya mwanamke muuza mafuta, akashuka na kidole mpaka karibu na mwisho wa ukurasa, na hapo kidole kikasimama. Pale alipokuwa ameandika "maini yake yakakatika, kipande kwa kipande," sasa palikuwa pamepigwa chapa, safi kabisa, bila hata chembe ya aibu: "akavunjika moyo."

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Mumewe alikuwa fundi redio, na kazi nyingi alizileta nyumbani. Alikuwa ameinamia redio ya jirani akamwuliza kulikoni. Akajibiwa kwamba kuna mwizi ameingia kitabuni, ameiba ini la mtu, na mahali pake ameacha kijiwe. Mumewe akaiweka bisibisi chini. Alimjua mkewe, na alijua redio ya jirani haitapona siku hiyo.

Alikuwa na haki ya kukasirika, na ili haki hiyo ionekane, inafaa kwanza ajulikane ni mtu gani. Alifundisha Kichina katika chuo cha lugha kilichokuwa juu ya duka la matairi, darasa ambalo likipigwa nyundo chini, chaki zinarukaruka ubaoni. Wanafunzi wake walikuwa wafanyabiashara wa simu, wa vitambaa, wa vipuri. Walitaka kujua kusema punguza bei, mzigo umefika umevunjika, na usinifanye mjinga. Aliwafundisha hayo kwa uaminifu, maana ndiyo yaliyomlisha. Lakini yeye mwenyewe alipenda hadithi za kale za nchi ile, zile zilizoandikwa kutoka juu kwenda chini, alizokutana nazo ujanani alipopelekwa kusoma huko, kwenye bweni lenye baridi ya kuuma masikio. Watu walimwuliza zina faida gani. Swali hilo lilimchefua. Alisema mtu anaweza kukaa mbele ya televisheni akitazama watu wasiomjua wakifukuzana na mpira, na hakuna anayemwuliza faida yake ni nini.

Jina la Maini alipewa na hao hao wafanyabiashara. Somo lingeanza vizuri tu, na uzito wa mzigo na tarehe ya meli, mara litokee neno lenye kiungo cha mwili ndani yake, basi, mzigo umebaki bandarini. Ndivyo walivyojifunza kwamba Wachina nao hula hasara, tena huila kwa kitenzi kile kile wanachokitumia kwa chakula, kama sisi. Asiye na haya kwao ana ngozi nene ya uso, wakati huku kwetu ana macho makavu. Na mtu jasiri kwao husemwa ana nyongo kubwa. Muuza vipuri mmoja alicheka sana kwa hilo, akasema kama mambo ni ya nyongo, basi mama mkwe wake angeongoza jeshi.

Mwalimu Maini alikuwa na imani moja, na hakuificha. Aliamini kwamba maana haikai kichwani peke yake, inakaa mwilini. Kwamba binadamu wote wana ini, utumbo na magoti, na ndiyo sababu mtu aliyekufa zamani sana, mbali sana, anaweza kuandika sentensi na wewe leo ukaisikia tumboni. Wataalamu wa lugha na wa akili wameyaandika haya kwenye vitabu vinene. Yeye alivisoma, akabishana navyo pembeni mwa kurasa, mwishowe akavifupisha kwa maneno yake: kwanza mwili, halafu kamusi.

Na hakuwa mtu wa maneno matupu. Sentensi ikimshinda, aliinuka akaitenda, na kama sentensi ilikuwa na watu wawili, fundi redio aliitwa. Maskini ya Mungu, alishapiga magoti mbele ya jokofu akiwa waziri aliyemuudhi mfalme. Alishaegemea mlango akimngoja mpenzi asiyekuja, mpaka jirani akavuka kuuliza kama kuna shida nyumbani. Alishatembezwa sebuleni huku na huku, mikono nyuma, kwa sababu hadithi ilisema tajiri fulani alitembea hivyo bustanini, na mkewe alitaka kuona mtu akiweka mikono nyuma kidevu chake kinakwenda wapi. Kilikwenda juu. Hapo Mwalimu Maini akajua tajiri yule alikuwa akiringa, wala hakuwa akiwaza kitu, na aya nzima ikakaa sawa. Fundi redio aliuliza kama sasa anaweza kuendelea na maisha yake.

Alifanya hivyo kwa sababu hadithi zile hazikutafunii. Ni nadra zikakuambia mtu alijisikiaje. Zinakuambia alishika nini, aligeuka upande gani, aliuma meno au alikung'uta mikono ya nguo, kisha zinanyamaza. Kama mwili wako haujui kukung'uta mikono ya nguo ni kuondoka kwa hasira, hujasoma kitu, umepitisha macho tu.

Sasa, hadithi ya muuza mafuta. Ilikuwa fupi, haina mtunzi anayejulikana, na Mwalimu Maini aliipenda kuliko zote kitabuni. Mwanamke anauza mafuta ya kuwashia taa, ana mtoto mmoja wa kiume. Mtoto anachukuliwa kwenda kulinda mpaka, huko kaskazini kwenye upepo. Miaka inapita. Siku moja anakuja askari kilema, anatoa kiatu kwenye fuko lake, anakiweka juu ya meza ya duka. Mama anakigeuza, anaangalia soli, anauona mshono wa mkono wake mwenyewe. Hasemi kitu. Hadithi haisemi alihuzunika, haisemi alilia. Inasema ini na utumbo vilikatika kipande kwa kipande, kisha mama akaendelea kumpimia mteja mafuta, na mafuta yakajaa kopo, yakamwagika, yakatiririka mpaka mlangoni, na mteja hakuthubutu kumwambia.

Alipoifikia sentensi ile mara ya kwanza, Mwalimu Maini alicheka peke yake. Alikuwa amejiandaa kuhangaika, kumbe neno lilikuwa limemtangulia nyumbani. Lugha ya mbali kiasi hicho, inayoandikwa kwa michoro, ilikuwa imeweka uchungu mahali pale pale ambapo Kiswahili kimeuweka, chini ya mbavu, na kuukata kwa kisu kile kile. Mambo hayaendi hivyo kila mara. Ile nyongo ya ujasiri haikukubali kabisa, maana kwetu nyongo ni ya uchungu na chuki, kwa hiyo aliigeuza moyo, tena bila kinyongo. Pale miili isipokutana, aliachia. Lakini hapa ilikutana, ini kwa ini, na mhariri na miwani yake alikuwa amekuja kuitenganisha.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuisema chuoni wala kwa wachapishaji. Neno lile hakulitoa kwenye kamusi, alilitoa kwa mama yake. Kaka yake, mtoto wa kwanza wa nyumba, alikwenda nchi nyingine kufanya kazi ya ujenzi, na huko jukwaa lilianguka akiwa juu yake. Mwalimu Maini alikuwa bwenini, kwenye ile baridi. Wakubwa walimficha mpaka alipomaliza mitihani. Aliporudi alimkuta Mama kwenye mkeka, hawezi kuinuka, mkono ameubana chini ya mbavu upande wa kulia kama anayezuia kitu kisitoke. Mama akamwangalia akasema, "Nimekatika maini, mwanangu."

Baada ya hapo ikawa kila kaka akitajwa, Mama analia, na akilia hali. Mwalimu Maini ndiye aliyekata shauri kwamba asitajwe. Alikuwa msomi wa familia, ametoka mbali, na watu walimsikiliza. Picha ya kaka iliyokuwa ukutani ikaingia sandukuni. Mashati yake yakagawiwa. Wageni waliambiwa mlangoni, kwa sauti ya chini, wazungumze mengine. Nyumba nzima iliishika sheria ile kwa upendo, Mama akaacha kulia, akarudi kula, na kila mtu aliona imesaidia.

Mama sasa aliishi na binti yake na fundi redio. Macho yalikuwa yamefifia, gazeti hasomi, lakini sikio lilikuwa zima, na alasiri binti yake alimsomea hadithi alizokuwa akizitafsiri. Mama alizipokea kama habari za mtaani. Waziri yule aliyepiga magoti alimwita mnafiki, na alipoambiwa amenyongwa, akasema hata hivyo wamezidisha. Ya muuza mafuta hakuwa amesomewa bado. Binti alikuwa akiisubirisha mpaka itoke ikiwa kitabu, amsomee kwenye karatasi yenye jalada. Alitaka Mama alisikie neno lake mwenyewe likitoka kinywani mwa mama mwingine, wa zamani, wa mbali, bila mtu kulazimika kumtaja aliyekufa. Hilo ndilo lililokuwa limefutwa na kalamu nyekundu. Na mhariri alipoacha kupokea simu, kesho yake mwenye kitabu aliamua kumfuata huko huko aliko.

Ofisi ya wachapishaji ilikuwa na mapokezi yenye mlinzi, ngazi, na ukumbi mmoja mrefu wa meza zilizotenganishwa kwa mbao nyembamba, hivyo kwamba mtu akikohoa wote wanajua ana mafua. Mhariri alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na upole wa kukera. Alimkaribisha kiti. Alimwuliza habari za nyumbani, za kazi, za Mama, zote, na Mwalimu Maini akazijibu zote meno yakiwa yamekutana. Kisha mhariri akafungua tafsiri ya Kiingereza ya hadithi zile, maana Kichina hakukijua hata salamu, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Huko mama yule alikuwa amevunjika moyo. Kwa hiyo, alieleza, hakubadilisha kitu, alisahihisha tu ili kazi ilingane na ile iliyokwisha kukubalika.

Mwalimu Maini alihisi damu inapanda. Alimwambia Waingereza wana ruhusa ya kuvunja mioyo yao wapendavyo, kwao ndiko huzuni inakokaa. Lakini aliyeandika hadithi hii hakutaja moyo, alitaja ini na utumbo, na Kiswahili kina ini lake, hakihitaji kuazima moyo wa jirani.

"Maini ni mambo ya bucha, Mwalimu," mhariri alisema. "Kitabu kitafika shuleni. Watoto watacheka, na wakubwa watashtuka. Sisi kazi yetu ni kumlinda msomaji."

"Timu ikifungwa, mashabiki wanavunjika moyo," Mwalimu Maini akamwambia. "Mtu akikosa kazi anavunjika moyo, halafu kesho anaomba nyingine. Huyu mama ameletewa kiatu cha mwanawe aliyekufa. Wewe unaniambia amevunjika moyo? Yaani anafikiria kuacha biashara ya mafuta?"

Nyuma ya mbao nyembamba mtu alicheka puani. Mhariri akavua miwani, ikaning'inia kifuani, akasema kwa upole ule ule kwamba anaona ugumu uko wapi, na kwamba yuko tayari kwa suluhu. Wangeweza kuandika "alihuzunika sana."

Alihuzunika sana! Kuna watu wamepigwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwalimu Maini aliinuka, akamwomba mhariri naye ainuke, na kwa kuwa alikuwa mwenye adabu, aliinuka. Akamwambia ashike kopo la kalamu kwa mkono wa kushoto, hilo ni kopo la mafuta, na mteja anasubiri. Kisha akainama, akavua kiatu chake cha kulia, akakiweka juu ya meza, juu ya Kiingereza chenyewe. Akamwambia akigeuze aangalie soli. Akamwambia huo mshono ni wake, alikaa usiku akiushona, na aliyekivaa hatarudi. Sasa amweleze kinachouma ni wapi.

Mhariri alikishika kiatu kwa vidole, akakigeuza, akakitazama kwa dakika nzima kwa uungwana wote aliokuwa nao.

"Mwalimu," akasema, "hiki ni kiatu tu."

Kelele zilizofuata zilimtoa Mkurugenzi ofisini kwake. Alikuwa mama mmoja mwenye haraka, simu mkononi, asiyekuwa na muda wa maini wala mioyo. Alisikiliza pande zote mbili akiwa amesimama, akasema faili linakwenda kiwandani kesho asubuhi na mtambo haumngoji mtu. Mwalimu alete mtu mmoja wa kawaida, asiwe mwalimu wala mtaalamu, aliyewahi kufiwa na kulisema neno hilo kwa kinywa chake. Hata kwa simu inatosha. Akimleta, maini yanarudi. Asipomleta kufikia jioni, moyo unabaki umevunjika, na kama mfasiri hataki, jina lake linaweza kuondolewa kwenye jalada.

Mwalimu Maini alitoka kwa hasira kubwa sana, ya kukung'uta mikono ya nguo hasa, na alikuwa amefika chini ya ngazi ndipo alipousikia ubaridi wa sakafu. Kiatu kimoja kilikuwa juu ya meza ya mhariri. Kurudi kukichukua kulikuwa na maana ya kupanda tena, kuwapita wote wale, na kusema samahani. Heri afe. Akavua na cha kushoto, akakitia mkobani, akaenda nyumbani pekupeku, akiwatolea macho wote waliomtazama miguu.

Fundi redio alimpokea na beseni la maji. Alisikiliza hadithi yote, akacheka pale pa kiatu, akaacha kucheka alipoona hapaswi, kisha akauliza jambo la wazi kabisa. Si Mama yupo chumbani? Si yeye aliyesema? Apewe simu aseme, mambo yaishe.

Mkewe akaacha kuosha miguu. Ndipo fundi redio naye akakumbuka. Kumwuliza Mama kuhusu neno lile ni kumwuliza kuhusu siku ile, na siku ile ilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo hatajwi. Walikaa wakiyatazama maji ya beseni. Hasira ya Mwalimu Maini ikampanda upya. Shahidi alikuwa naye nyumbani, na aliyemfunga mdomo shahidi, ukiangalia vizuri, hakuwa mhariri. Hapo hakutaka kuangalia vizuri. Aliamua hataulizia siku ile kabisa. Angemsomea Mama hadithi tu, mara mbili, mara moja na maini na mara moja na moyo, na Mama angechagua mwenyewe, na kwa uchaguzi huo angempigia Mkurugenzi na kumzika mhariri akiwa hai.

Mama alikuwa kitandani kwake, ameketi, sinia ya mchele mapajani. Kuchambua alichambua kwa vidole, kwa sababu kijiwe hakihitaji macho. Dirisha lilikuwa wazi na jua la alasiri limemfika magotini. Binti akavuta kigoda, akamwambia leo kuna hadithi mpya, ya mama mmoja muuza mafuta. Mama akauliza kama mafuta yenyewe yalikuwa mazuri au alichanganya. Binti akasema yalikuwa mazuri. Mama akasema basi asome.

Akasoma. Alisoma vizuri, na safari hii polepole. Mtoto alipochukuliwa kwenda mpakani, Mama aliguna. Askari kilema alipoingia dukani, vidole vilipunguza mwendo. Kiatu kikawekwa mezani, kikageuzwa, mshono ukaonekana. "Maini yake yakakatika, kipande kwa kipande," binti akasoma, na aliinua macho makusudi, maana huo ndio ulikuwa ushahidi wake. Mkono wa Mama ulikuwa umeondoka kwenye mchele. Ulikuwa chini ya mbavu, upande wa kulia.

Mwalimu Maini, Mungu amsamehe, alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Mkono wake ulikuwa tayari unatafuta simu. Lakini alitaka ushindi uwe kamili, kwa hiyo alimaliza hadithi mpaka mafuta yalipofika mlangoni, kisha akasema kuna mtu mmoja ofisini anataka isomwe namna nyingine, akarudi kwenye kiatu, na safari hii akasoma kwa sauti ya kubeza kidogo, kwa puani, kama mhariri: mama yule alipoona mshono wake, akavunjika moyo.

Mama alimgeuzia sikio. Kisha akauliza, "Hiyo ya pili ni ya lini?"

Binti hakuelewa. Akauliza ya lini kivipi.

"Ni siku ile ile ya kiatu, au baadaye?"

"Siku ile ile, Mama. Ndiyo maana nasema wamekosea."

"Wamekosea, ndiyo," Mama akasema. "Siku ya kiatu ni maini. Hilo halina ubishi." Alirudisha mkono kwenye sinia, akakipata kijiwe, akakiweka pembeni. "Moyo ni baadaye. Mimi moyo ulinivunjika baadaye, mlipoacha kumtaja."

Nje, kwenye chumba cha mbele, bisibisi ilikuwa inakwaruza kitu, kisha ikaacha. Mwalimu Maini alitaka kusema kitu na kilichotoka kilikuwa kile kile alichokuwa akijiambia miaka yote. Alisema Mama alikuwa analia. Alisema alikuwa hali.

"Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa naye," Mama akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mkamwondoa ukutani, mkamwondoa midomoni. Nikasubiri labda mtu atajisahau amtaje. Watu wazima, mmeshika adabu. Mpaka nikakata tamaa, nikabaki kama mtu aliyezaa mmoja."

Hasira ya Mwalimu Maini ilikuwa kubwa bado, imejaa kifuani tangu jana, na sasa iligeuka huku na huku ikimtafuta mhariri na haikumpata. Yule bwana mpole mwenye miwani ya kamba alikuwa amefuta sentensi moja ya kitabuni ili kumlinda msomaji. Yeye alikuwa amemfuta kaka yake mzima. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka magotini, na kama angeambiwa aitafsiri angekosa neno katika lugha zote alizozijua.

Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa mhariri, sauti ile ile ya upole, akiuliza kama shahidi amepatikana, kwa sababu saa zinakwenda. Akaongeza kwamba kiatu kiko salama, amekiacha kwa mlinzi.

"Amepatikana," Mwalimu Maini akasema. "Lakini hatasema kwenye simu. Yarudishe maini mahali pake, ndugu yangu. Nakuomba."

Alitegemea ubishi. Labda ni kwa vile hakupaza sauti, jambo ambalo watu wa ofisi ile hawakuwa wamelisikia kwake, au labda mhariri alisikia kitu nyuma ya sauti, maana naye alikuwa mtoto wa mtu. Akasema sawa, Mwalimu, yatarudi. Na yalirudi. Kitabu kilitoka yakiwa ndani, na mpaka leo hakuna mtoto wa shule aliyesikika akicheka pale.

Aliizima simu, akaiweka sakafuni. Mama alikuwa ameendelea na mchele. Mwalimu Maini akasogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusa ya Mama, akafungua kinywa, na aliyekuwa akisoma mbele ya watu kila siku ya maisha yake akashindwa mara ya kwanza. Akajaribu tena. Akalitaja jina la kaka yake, lote, lake na la baba, kama lilivyokuwa likiitwa shuleni asubuhi.

Vidole vya Mama vikasimama kwenye mchele.

"Rudia," akasema.